Muuza Mitishamba Aliyeogopa Tumbo la Bintiye

Siku Si Mekki alipojua kwamba bintiye Ghita ana mimba, upande wetu wote wa mto hapa Sefrou, Moroko, ulijua, ingawa yeye hakumwambia mtu. Kwetu "Si" ni kusema bwana, na "Lalla" ni kusema bibi. Mimi nilijua kwa sababu alimwitikia Yamna salamu. Yamna ni yule anayesugua wanawake migongo kwenye hamamu, bafu la mvuke la mtaani, mwenye mikono kama ya mwashi na ulimi uliozidi mikono, na kwa miaka mingi yeye na Si Mekki walikuwa wakiamkiana kwa matusi ya adabu. Asubuhi ile akapita, akasema kama kawaida yake, "Umeamka, mzee wa vumbi?"

Si Mekki akajibu, "Nimeamka salama, Lalla Yamna. Mungu akuwekee wanao."

Yamna akasimama katikati ya njia. Akanigeukia mimi. "Batuli, huyu anaumwa?"

"Sijui," nikasema. "Tangu afungue duka anaimba."

Kazi yangu ni vifungo vya jelaba, ile kanzu yetu yenye kofia. Nasuka kwa sindano na uzi wa hariri, na nakaa mlangoni kwa kuwa ndani kwangu mwanga hautoshi. Mlango wangu unatazamana na duka la Si Mekki. Kwa hiyo mengi ya habari hii nimeyaona kwa macho yangu, na niliyoyakosa nimeambiwa na mkewe, Lalla Zhur, ambaye siri ikikaa kwake usiku mmoja anaumwa kichwa.

Duka lenyewe Si Mekki alirithi kwa baba yake, na harufu yake ilikuwa ikikupokea darajani. Uwatu, habbasoda, mdalasini, maua makavu, magome, mizizi iliyojikunja kama vidole vya wazee, na mikebe isiyoandikwa kitu, maana yeye aliijua kila mmoja kwa pale ulipokaa. Mwanamke wa mtaa huu akipata mimba, njia yake ilipita pale. Kichefuchefu kilikuwa na pakiti yake. Mgongo ulikuwa na pakiti yake. Mtoto akichelewa kutoka, ilikuwapo pakiti ambayo Si Mekki aliiita "Fungua Mlango", na hiyo aliifunga katika karatasi ya buluu ya sukari ili ionekane na heshima. Mizani alikuwa nayo, lakini ilikuwa ya bizari na pilipili. Dawa za wanawake alizichota kwa vidole huku akimtazama mteja. Ukiwa mnene, konzi nzima. Ukiwa mwembamba, nusu konzi. Ukiwa mkorofi, alikuongezea ili uondoke upesi.

Na aliyeuliza kama dawa ina madhara alipata jibu moja, lile lile alilotoa baba yake: "Majani hayaui, mwanangu. Yangekuwa yanaua, mbuzi wangekwisha zamani."

Ghita ndiye mtoto wake wa pekee. Aliolewa na Allal, fundi wa magari, kijana mpole aliyenuka oili hata siku ya Idi, na walikaa miaka mimba isije, mpaka watu wakaacha kuuliza. Ilipokuja, Lalla Zhur alilia, Allal alilia, na Si Mekki alimwitikia Yamna salamu.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Lalla Zhur alirudi kumtazama binti, akamkuta amelala chali, rangi ya unga, hata maji hayakai tumboni. Akaja dukani moja kwa moja. Nilikuwa nimeketi na kifungo mkononi, nikawasikia.

"Mekki, nipe ile ya kichefuchefu, nimpelekee mtoto."

"Sasa hivi." Akapanda ngazi yake, akashusha mkebe, akatia mkono. Kisha akatulia hivyo hivyo, mkono umo ndani ya mkebe, kama mtu aliyeguswa na nyoka na bado hajaamini.

"Una nini?"

"Nafikiri."

"Tangu lini unafikiri ukiwa dukani?"

Akachota, akatazama vidoleni. Akapunguza. Akatazama tena, akaongeza kidogo, akapunguza. Akainusa. Mwishowe akairudisha yote mkebeni, akafunika, akajifuta mkono kwenye jelaba kama aliyeshika kitu cha kuambukiza.

"Imekwisha," akasema.

"Imekwisha vipi? Nimeiona."

"Hiyo uliyoiona ni ya zamani. Mpe mkate mkavu, Zhur. Ale kidogo kidogo kabla hajainuka kitandani."

"Mkate?" Lalla Zhur alinitazama mimi ng'ambo ya njia, akitafuta shahidi. "Nimeolewa na duka zima la dawa miaka yote hii, leo mwanangu anaumwa napewa mkate?"

Lakini akaenda na mkate, na bahati nzuri ulimsaidia.

Tangu siku hiyo Si Mekki akawa mgonjwa wa mimba ya bintiye. Alimkataza Ghita asipite mbele ya duka, eti harufu ni kali. Akaanza kwenda kwake kila adhuhuri, na Ghita alikuwa akiishi nyumba moja na mama mkwe wake, Lalla Rukia, mwanamke wa Bhalil, kijiji cha jirani, mrefu, mkavu, aliyezaa peke yake shambani na aliyekupa habari hiyo hata kama umeuliza njia. Si Mekki akifika husalimu, kisha huenda jikoni, hufunua vyungu na kuvinusa.

Siku moja alinusa supu ya harira, akauliza, "Humu kuna mdalasini kiasi gani?"

Lalla Rukia akaweka mwiko chini. "Mkwe, unatafuta paka ndani ya chungu changu?"

"Nauliza tu."

"Kuna mdalasini wa supu. Nimeununua kwako. Kama una sumu niambie, nikushtaki."

"Wa chakula hauna neno. Naogopa wa kuchemsha peke yake, kikombe kizima."

"Uliniuzia wa kuchemsha peke yake nilipokuwa na mimba ya Allal. Gome refu kama mkono wangu."

Si Mekki akamtazama Allal aliyekuwa pembeni akinawa mikono, akamtazama sana, juu mpaka chini, kana kwamba anatafuta palipoharibika. Kisha akafunika chungu akaondoka bila kuaga. Lalla Rukia aliichukulia hiyo kuwa ni dharau kwa mwanawe, na hakukosea sana.

Sasa, mambo kama hayo hayakai ndani ya kuta. Yamna alikuwa na mkaza mwana mwenye mimba changa, akaja kumnunulia pakiti ya mgongo. Si Mekki akamwambia hauzi.

"Huuzi nini?"

"Za wajawazito. Nimeacha. Mwambie alale kwa ubavu, na umsugue mgongo wewe mwenyewe, si ndiyo kazi yako."

Yamna hakujibu. Ukiona Yamna hajajibu, jua ameenda kuleta jibu. Ilipofika alasiri alirudi kutoka hamamu na wanawake nyuma yake, nywele bado mbichi chini ya mitandio, nyuso nyekundu kwa mvuke, na wakajipanga mbele ya duka hadi punda wa makaa akakosa pa kupita.

"Tumesikia," Yamna akaanza, "kwamba Ghita haruhusiwi hata kunusa duka hili."

"Ni kweli," Si Mekki akasema kutoka nyuma ya magunia.

"Mimi nimezaa saba. Kila mimba nimekunywa ulichonipa. Sasa nataka kujua, bwana wee: tumbo la Ghita ni tumbo, la kwangu lilikuwa debe?"

Wanawake wakacheka, lakini hawakuondoka. Si Mekki akatoka akasimama kizingitini. Ni mtu mnene, mfupi, mwenye ndevu nadhifu, na siku zote alikuwa hodari wa maneno. Siku hiyo aliyatafuta.

"Yamna, nilikuwa nakuuzia, kisha nakuona umepita hapa na mtoto mgongoni. Nikasema, dawa imefanya kazi. Mtoto wa pili, hivyo hivyo. Sikuwahi kujiuliza kama umezaa kwa sababu ya dawa au umezaa ukiwa nayo tumboni kwa bahati."

"Na hukujua kiasi?"

"Sikujua. Baba alichota kwa mkono, nami nikachota. Mkono wa baba ulikuwa mdogo kuliko wangu."

Hapo wengine wakacheka tena. Ndipo mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya kawaida, "Na Mahjuba je?"

Kicheko kikakatika. Mahjuba alikuwa mfumaji wa mikeka, wa njia ya pili. Mimba yake iliharibika karibu na mwisho, akavuja damu hata tukadhani tumempoteza. Hakumpoteza mtoto huyo tu; hakupata mwingine. Baadaye walihamia Fes.

"Alinunua kwangu," Si Mekki akasema. "Sijui kama ni hiyo iliyomdhuru. Pengine siyo. Sijui, na hilo ndilo linaloninyima usingizi tangu Ghita apate mimba. Angekuja mtu akaniambia ni wewe, au akaniambia si wewe, ningepumzika. Hakuna anayejua."

Yamna akavuta mtandio wake. "Haya," akasema. "Tuondokeni, tutapata mafua." Na alipokuwa akigeuka, akatupa neno begani: "Lakini mgongo wa mkaza mwanangu nitausugua, na bei ya hamamu nitakudai wewe."

Baada ya hapo zikaanza hila. Watu wa mji huu wakinyimwa kitu ndipo wanapokitaka. Wajawazito walikuja wamejikunja ndani ya jelaba za waume zao, wakitoa sauti nzito. Wengine walituma mabwana. Bwana mmoja alidai anataka dawa ya uchungu kwa ajili ya nyumbu wake. Si Mekki akamuuliza tangu lini nyumbu anazaa, yule bwana akasema, "Ndiyo maana nataka dawa."

Tatizo kubwa lilikuwa harmali, zile mbegu ndogo nyeusi. Zinachomwa ili moshi wake uondoe kijicho, na hakuna nyumba hapa isiyochoma. Lakini mbegu hizo hizo zikichemshwa na kunywewa zinakamata tumbo la uzazi, na wanawake wa zamani walizitumia kuharakisha mtoto, na wengine kumtoa. Si Mekki hakuweza kukataa kuuza harmali. Angekataa wangesema ameacha dini. Wala hakuweza kujua nani anachoma na nani anachemsha. Akafikiri siku kadhaa, kisha akaweka chetezo mlangoni mwa duka. Ukitaka harmali, unalipa, yeye anaitupa kwenye makaa mbele yako, na unasimama hapo ufukizwe.

"Na nyumba yangu je?" watu waliuliza.

"Ukirudi nyumbani jipepee."

Tulikohoa mwezi mzima. Vifungo vyangu vilinuka moshi mpaka fundi wa Fes anayevinunua akauliza kama tumeunguliwa na nyumba. Nilimfuata Si Mekki nikamwambia, "Jirani, mtaa huu sasa hauna kijicho hata kimoja. Wamebaki watu wasioona tu." Akanipa tufaha akaniomba nivumilie hadi Ghita ajifungue.

Mwezi wa Ghita ukafika, siku aliyotajiwa kliniki ikapita, na mtoto hakuja. Mkunga wa hospitali ya mji, Nuzha, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni, alimpima akamwambia kila kitu kiko sawa, mtoto anacheza vizuri, arudi baada ya siku chache aangaliwe tena, na asinywe chochote cha kuharakisha. Ghita akaridhika. Lalla Rukia hakuridhika. Kwake yeye, mtoto asiyetoka ni mtoto asiyefundishwa.

Alhamisi, siku ya soko, alimpata muuzaji aliyeshuka kutoka milimani, akajaza kikapu. Yamna alimwona, akaja mbio hadi dukani, na kwa mara ya kwanza hakuanza na tusi.

"Mekki, mkweo amenunua harmali. Haikuchomwa. Amenunua na mafuta ya mbarika chupa nzima, yale ya kuendesha tumbo. Nimemwuliza ni ya nini, ameniambia ya nywele. Yule ana nywele gani?"

Si Mekki alitoka vile alivyokuwa. Sikuwahi kumwona akikimbia, na sidhani yeye mwenyewe alijua kama anaweza. Kubadhi moja lilibaki darajani. Nikatupa kazi nikamfuata, kwa kuwa Lalla Zhur alikuwa kwa dada yake na lazima mtu wa kuhadithia awepo.

Tulimkuta Ghita ameketi sebuleni kwenye godoro, miguu imevimba, na mbele yake meza ndogo yenye buli na glasi. Kinywaji kilikuwa cheusi, mafuta yanaelea juu. Lalla Rukia amesimama karibu, mikono kiunoni. Ghita alitutazama kwa uso wa mtu aliyekuwa akiomba mlango ubishwe.

"Umekunywa?" Si Mekki akauliza akihema.

"Bado, baba. Nimesema kina moto."

"Ana saa nzima anasema kina moto," Lalla Rukia akasema. "Sasa kimepoa. Mkwe, kaa chini upumzike, usije ukafia kwangu."

"Hatakunywa hiki."

"Kwa nini?"

"Kitamdhuru."

"Hiki? Hiki ni majani na mbegu." Kisha akanyoosha kidole, na nilijua kinachokuja kabla hakijafika. "Wewe mwenyewe uliniambia, ukisimama kwenye duka la baba yako, majani hayaui, yangekuwa yanaua, mbuzi wangekwisha. Nimewaambia hivyo dada zangu wote. Nimewaambia Bhalil nzima. Sasa nani muongo?"

Mtu anaweza kushindana na maneno ya mwenzake. Ya kwake mwenyewe yanamjua. Si Mekki akaitazama glasi. Kisha akasema, polepole, "Haya. Kama ni majani tu, tunywe sisi. Mimi na wewe. Wewe si mjamzito, mimi si mjamzito. Tukikaa salama mpaka jioni, mwanangu atakunywa."

"Baba," Ghita akasema.

"Nyamaza, mama. Mimina, mkwe."

Ningemzuia. Namaanisha ningejaribu. Lakini Lalla Rukia alikwisha mimina, maana mwanamke wa Bhalil hachokozwi mara mbili. Alikunywa glasi yake yote bila kukunja uso. Si Mekki alikunywa nusu, akakunja uso kwa niaba ya wote wawili.

Wakakaa wakitazamana. Lalla Rukia akasema, "Umeona?" Akaanza kunieleza tena jinsi alivyozaa shambani. Alifika pale anapokata kitovu kwa mundu, akasimama ghafla, akasema ana jambo chooni. Si Mekki akasema na yeye ana jambo huko huko. Choo cha nyumba ile ni kimoja.

Sitaeleza yote. Nitasema tu kwamba waliokuwa hawapatani kwa miezi walilazimika kupeana zamu kama majirani wema, na waliombana radhi mlangoni kwa maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kwao. "Tafadhali mkwe, toka." "Subiri, mkwe, kwa Mungu." Kisha yakaja matapishi, na mikono ikaanza kuwatetemeka. Si Mekki aliketi sakafuni akaniambia kuwa ukuta unatembea. Lalla Rukia alimsalimu mama yake, aliyekufa zamani.

Hapo nikaogopa. Nikamwambia Ghita nakwenda kumwita Allal. Ghita alikuwa amesimama, ameshika mlango kwa mikono miwili, kichwa kimeinama.

"Mwite upesi, shangazi," akasema. "Na mimi nimeanza."

"Umeanza nini?"

"Uchungu. Tangu alfajiri ulikuwa unakuja na kuondoka. Sikusema, ningesema angeninywesha kwa kijiko."

Allal alikuja na pikapu ya gereji. Ghita tulimketisha mbele. Wazee tuliwalaza nyuma juu ya matairi, nami katikati nikiwa nimeshika ndoo mkono mmoja na buli mkono wa pili. Tulipita sokoni siku ya Alhamisi, mji mzima uko njiani, Lalla Rukia anaita mama yake, Si Mekki anawaomba radhi watu asiowafahamu. Aliyenyamaza ni Ghita tu.

Hospitali, muuguzi wa mlangoni alikuja na kitanda cha magurudumu, akasikia zile kelele, akamshika Lalla Rukia mkono. "Vuta pumzi, mama, usisukume bado," akamwambia.

"Siyo huyo, dada," Ghita akasema. "Anayezaa ni mimi. Hawa ni babu na bibi."

Nuzha alitoka. Alimwingiza Ghita kwanza, akamkabidhi kwa mwenzake, kisha akarudi barazani walikokuwa wamelazwa wazee na dripu mikononi. Mimi nilikuwa nimekuja na buli, kwa kuwa lilikuwa mkononi mwangu na sikujua pa kuliweka. Akalinusa.

"Harmali," akasema. "Nani alimpa nani?"

Si Mekki akainua kidole, Lalla Rukia akainua kidole.

"Humu mlitia kiasi gani?"

Lalla Rukia akaonyesha kiganja. Kisha akaonyesha viganja viwili. Kisha akasema, "Kiasi."

"Ndicho kiasi mnachokijua wote," Nuzha akasema. Hakupaza sauti. Alinisikiliza nikimsimulia yaliyotokea, kisha akavuta kiti akaketi kati yao. "Uchungu aliouweka Mungu una mapumziko. Unabana, unaachia, mtoto anapata nafasi. Huu wenu hauachii. Unakamata tumbo kama ngumi, na mtoto yumo ndani ya ngumi. Nimewahi kupokea wa hivyo. Wengine niliwawahi, wengine sikuwawahi. Wewe ni mtu mzima, una mwili huu wote, na nusu glasi imekuonyesha kuta zinatembea. Mtoto ana uzito wa kuku."

Si Mekki alilia, bila sauti, ndevu zikilowa. Lalla Rukia alitazama dari.

"Na kunywa ili kuwakomesha wengine pia ni ujinga," Nuzha akamalizia. "Moyo wako ungeweza kusimama. Nani angekuwa babu?" Akainuka akaenda kwa Ghita.

Mtoto alizaliwa kabla ya machweo, msichana, kwa uchungu wake mwenyewe, bila haraka na bila kuchelewa. Allal alikuja kutuambia, akasimama kati ya vitanda viwili asijue ampe mkono nani. Babu na bibi walibaki hospitali hadi kesho yake, na mama na mtoto waliwatangulia kurudi nyumbani.

Siku ya saba wakamwita Itto, jina la mama yake Lalla Rukia. Si Mekki hakupinga. Alisema yule bibi alifika hospitali, amestahili. Kondoo alichinjwa, na Lalla Zhur akapika rfisa kama ilivyo ada kwa mzazi, kuku na mikate ya safu safu iliyoloweshwa mchuzi wenye uwatu. Nuzha alialikwa. Kabla sinia haijawekwa mbele ya Ghita, Si Mekki alimsogelea mkunga akamnong'oneza, na sisi sote tukanyamaza ili tusikie.

"Uwatu huu anaweza kula?"

"Ni chakula, Si Mekki. Amekwisha jifungua. Mwache ale."

"Kiasi gani?"

"Mpaka ashibe."

Yamna alicheka hata akabanwa na kikohozi, na akakataa maji ya tangawizi aliyopewa na mwenye duka, akasema bado anayapenda maisha.

Lalla Rukia mpaka leo hakubali kuwa kilichowaangusha ni kile kinywaji. Anasema ni samaki wa mchana ule, ingawa mchana ule hawakula samaki. Lakini mkaza mwana wa Yamna alipokaribia kuzaa na watu wakaanza kutaja mbegu, yeye ndiye aliyesema kwa ukali, "Mwacheni mtoto wa watu." Alipoulizwa kwa nini, akasema ana sababu zake.

Si Mekki aliondoa chetezo, nasi tukamshukuru Mungu. Harmali anauza kwa watu anaowajua, akibaki na wasiwasi. Viungo na manukato anauza kama zamani. Za wajawazito hauzi. Wateja wengi walimhama, wakaenda kwa yule wa milimani, na kuna siku anakaa kutwa akipepea nzi. Lalla Zhur humlaumu, kisha humletea chai.

Alhamisi iliyopita alikuja mwanamke mgeni, kijana, tumbo mbele, kapu la mayai kichwani. Alikuwa ametembea tangu kijijini kwao. Akamwambia anasikia kizunguzungu, anachoka, anataka kitu cha damu. Si Mekki akamwambia twende. Akafunga duka siku ya soko, jambo ambalo baba yake hata kwa msiba hakulifanya, akabeba lile kapu la mayai kichwani mwake, akamtangulia mpaka kliniki. Wenye maduka walisimama milangoni kumtazama. Mimi nilifuata kwa kuwa nilikuwa na haja upande huo.

Walikaa ndani muda mrefu. Nuzha alipomtoa yule mwanamke alikuwa na vidonge vyake mkononi, na akamwambia Si Mekki kwamba damu yake iko chini, zaidi ya vidonge anahitaji kula maini, na dengu kwa wingi.

"Dengu ninazo," Si Mekki akasema kwa woga. "Naruhusiwa?"

"Hizo muuzie."

Wakarudi wote wawili dukani. Yule mwanamke akaona dengu zina mawe, akaona ni ghali, akaona za Bhalil ni nzuri zaidi, na wakabishana hadi adhana ya alasiri ikawakuta, Si Mekki akimwapia kwa Mungu kuwa hajapata kuona mteja mgumu kama yeye, uso wake wote ukiwa na raha.